Ipande Mlima Tuione: Mhadhara juu ya Kupima Pikipiki Zilizoongezwa Nguvu

 

Jina la Mikese, mkoani Morogoro, dereva wa lori analijua hata kama hajawahi kushuka hapa kunywa chai. Analijua kwa sababu ya mizani. Lori limepakia bandarini Dar es Salaam, linakwenda Zambia au Kongo, na likifika hapa linapandisha ekseli zake juu ya mizani na namba zinatoka. Dereva anaweza kuapa kwamba hajazidisha mzigo. Kiapo chake hakipunguzi hata kilo moja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake, na ukomo huo hausomwi kwa macho wala kwa kusikiliza jinsi injini inavyolalamika kwenye kilima. Na sijamsikia dereva akisema kwamba kupimwa ni kutukanwa.

Kando ya barabara hiyohiyo mafundi wetu wanaongeza nguvu za pikipiki, na huko hakuna mizani. Huko mwenye sauti ndiye mwenye hoja. “Nimeitoa filta, sasa inapumua.” “Nimetoboa eksozi, sikia inavyoongea.” “Nimemfungia bloku ya 150, haishikiki.” Mteja analipa, anapanda, anavuta resi, anarudi anatabasamu. Nimekuja kusema kwamba tabasamu lile halithibitishi chochote, kwamba nguvu ya pikipiki inapimika, na kwamba inapimika hapahapa Mikese bila kununua mashine ya mamilioni.

Kwanza tuielewe injini tunayoichokonoa. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoifungua biashara ya bodaboda nchini, SanLG, Fekon, T-Better na ndugu zao, zimebeba injini ambayo ukoo wake unarudi kwenye Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Wakati huo Honda walikuwa na ujuzi wote wa injini zenye kamshafti juu ya silinda hedi, injini zinazopenda mizunguko mingi na zinazotoa nguvu farasi nyingi. Kwa pikipiki hii wakaiacha njia hiyo kwa makusudi. Walikuwa wameangalia jinsi pikipiki zinavyoishi katika nchi kama zetu: oili inabadilishwa pale mtu anapokumbuka, mzigo unapita kiasi, vumbi ni la kila siku. Wakarudi kwenye fimbo za kusukumia valvu, wakaifunika cheni yote kwa bati, wakaridhika na nguvu ya wastani ili injini iwe na maisha marefu. Boxer ya Bajaj na TVS kutoka India zina ubunifu wao, lakini zimetengenezwa kwa nia hiyohiyo. Kwa hiyo fundi anayesema kwamba kiwandani “wameifunga nguvu” hasemi uongo. Nguvu ipo iliyoachwa. Anachopaswa kukijua ni kwamba iliachwa kwa malipo, na malipo yenyewe ni miezi ambayo mwenye pikipiki anakaa bila kufungua injini.

Ndiyo maana kabla ya kupima lazima tuulizane: tunataka utendaji upi? Kijana anayepandisha Kinole au Tawa, kwenye milima ya Uluguru, kufuata ndizi na mdalasini anataka pikipiki inayovuta kwenye gia ndogo ikiwa na magunia nyuma. Kijana anayezunguka na abiria huku barabarani, ana hesabu ya kumpelekea bosi kila jioni, anataka lita moja imfikishe mbali. Mwenye pikipiki anataka ringi na pistoni zidumu. Mwingine, tuseme ukweli, anataka kumpita mwenzake mbele ya watu. Hayo ni mambo tofauti, na mara nyingi ukiongeza moja unapunguza jingine. Pikipiki iliyoshinda mashindano ya kijiweni inaweza kuwa imeshindwa kazi yake.

Eneo hili liliwahi kulipa gharama ya kusahau swali hilo. Mwishoni mwa mwaka 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliifanya stesheni ya reli ya Mikese kuwa mahali pa kushushia shehena za vita vya Rufiji. Kutoka hapa malori yalipeleka mizigo kusini kuelekea Duthumi. Kwenye barabara kavu yalifanya kazi. Mvua za 1917 ziliposhuka, njia ikageuka tope, malori yakakwama, na mzigo ukarudi vichwani mwa wapagazi, watu wa nchi hizi zetu, ambao walikufa kwa maelfu katika vita ile kwa maradhi, njaa na uchovu. Nguvu ya lori ilikuwepo. Ilikuwa nguvu ya barabara nyingine. Chombo kinapimwa kwenye njia kitakayoipita na kwa mzigo kitakaoubeba.

Sasa tuje kwenye kupima, na tuanze na vipimo vinavyotudanganya.

Sikio ni la kwanza. Eksozi ikitobolewa, mlio unaongezeka papo hapo, na mwili wa binadamu unachukua kelele na mtetemo kuwa ni mwendo. Anayepanda pikipiki yenye kelele ataapa kwamba inakimbia zaidi, na anaapa kwa moyo safi, kwa sababu ndivyo alivyohisi.

Cha pili ni mita ya mwendo. Kanuni za kimataifa za mita hizi zinaruhusu ioneshe mwendo mkubwa kuliko halisi, kamwe isioneshe mdogo. Watengenezaji kwa kukwepa lawama huielekeza juu kidogo. Ukifunga tairi la kimo tofauti kwenye gurudumu linaloiendesha mita, umebadilisha namba bila kubadilisha mwendo.

Cha tatu ndicho kinachowapoteza wengi: mwendo wa juu kabisa. Mtu anatoka na pikipiki kwenye lami, analala juu ya tangi, anarudi na kusema, “Zamani iligota 90, leo nimeona 96.” Hapa tusimame, maana ndipo penye siri kubwa. Nguvu inayohitajika kuupasua upepo haipandi sawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inayotakiwa na upepo inakuwa mara nane. Ukigeuza hesabu hiyo, unaona kwamba fundi akifaulu kweli kuongeza nguvu ya injini kwa asilimia 20, jambo ambalo ni kubwa sana, mwendo wa juu utaongezeka kwa asilimia 6 tu hivi: uliokuwa 90 utafika 95 au 96. Kilomita hizo tano au sita unaweza kuzipata bila fundi, kwa kulala juu ya tangi badala ya kukaa wima, kwa koti kufungwa zipu, au kwa upepo mdogo unaokusukuma kwa nyuma. Kwa hiyo mwendo wa juu ni kipimo kigumu kuonesha hata mabadiliko makubwa, na ni rahisi kukidanganya. Isitoshe, kinapimwa kwenye barabara kuu ya malori na mabasi. Hakuna jeti ya kabureta yenye thamani ya kufa nayo mbele ya lori la saruji. Naomba kipimo hicho tukizike leo.

Kipimo chetu ni mlima. Farasi mmoja wa kipimo cha kimetriki ni nguvu ya kunyanyua kilo 75 kwa kimo cha mita 1 ndani ya sekunde 1. Sasa chukueni pikipiki, dereva na mzigo, jumla tuseme kilo 200. Wapande kilima ambacho kilele chake kiko mita 50 juu ya mwanzo wake, kwa sekunde 30. Kilo 200 mara mita 50 ni 10,000. Gawa kwa 30, unapata 333. Gawa kwa 75, unapata farasi 4.4. Hao ni farasi waliofanya kazi ya kunyanyua peke yake. Wengine wamekwenda kwenye matairi, cheni na upepo. Mkiamua kutafuta kimo cha kilima, fundi ujenzi yeyote atawapatia kwa mpira wa maji anaotumia kuweka levo ya msingi, akipanda hatua kwa hatua. Lakini mkitaka kulinganisha tu pikipiki kabla na baada ya kazi ya fundi, kimo hakina haja. Kilima ni kilekile, uzito ni uleule, kinachobadilika ni sekunde.

Mlima una sifa moja ambayo tambarare haina. Kwenye mwinuko mkali mwendo ni mdogo, upepo hauna nguvu ya kutupotosha, na sehemu kubwa ya kazi ya injini inakwenda kwenye uzito, ambao tunaujua. Na sisi tuliopakana na Uluguru milima haijatuishia.

Namna ya kufanya ni hii. Tafuteni kipande cha barabara ya udongo kilichonyooka, chenye mwinuko, kisichopita watu wengi, na wekeni kijana kila upande wa kuzuia watoto na mifugo. Chora mstari wa chokaa chini na mwingine juu. Pima dereva na mzigo wake kwenye mizani ya mazao, ile ya kupimia mahindi, na uzito huo usibadilike siku nzima. Akinywa maji, ni sawa, lakini asibadilishe gunia. Matairi yajazwe upepo kwa geji. Injini ipashwe moto vizuri. Dereva aukaribie mstari wa chini kwa mwendo uleule, tuseme kilomita 30 kwa saa, kwenye gia ileile, na tairi la mbele likigusa chokaa avute resi mpaka mwisho na aishikilie hapo hadi mstari wa juu. Kuvuta resi mpaka mwisho kuna faida yake: mkono hauna tena uhuru wa kuipendelea pikipiki. Watu wawili washike saa za simu, kila mmoja aandike yake bila kumchungulia mwenzake.

Halafu rudia. Hapa ndipo wengi wanapochoka, na hapa ndipo ukweli ulipo. Nawaletea mfano wa kubuni ili muone daftari linavyosoma. Pikipiki ikiwa kama ilivyotoka kiwandani imepanda kwa sekunde 31.2, 30.6, 31.5, 30.9 na 31.1. Eksozi ikatobolewa, ikapanda kwa 30.7, 31.3, 30.8, 31.4 na 30.5. Wastani wa kwanza ni 31.06, wa pili 30.94. Fundi anaruka: “Mmeona, imepungua!” Imepungua kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini tazameni pikipiki ileile, kabla haijaguswa, ilivyotofautiana yenyewe kwa yenyewe: kutoka 30.6 hadi 31.5, karibu sekunde nzima. Tofauti ya fundi imemezwa na tofauti ya kawaida. Mlima haujasema ndiyo. Sasa wekeni bloku kubwa, tuseme ipande kwa 27.4, 27.9, 27.2, 27.7 na 27.5. Safari yake mbaya kuliko zote imeishinda safari nzuri kuliko zote ya zamani. Hapo hakuna ubishi. Mtu aliyepanda mara moja moja tu angeweza kuchukua 31.5 ya kwanza na 30.5 ya pili, akatangaza kwamba kutoboa eksozi kumeokoa sekunde nzima, na kijiwe chote kikatoboa eksozi wiki ile.

Kisha rudisha kila kitu kama kilivyokuwa, upime tena. Hilo mafundi wengi hawalipendi kwa sababu ni kazi ya kufungua na kufunga, lakini bila hilo hujapima. Kati ya asubuhi na mchana mambo mengi yamebadilika bila spana kuguswa. Jua limepanda. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 10 inapungua uzito kwa asilimia 3 hivi, na injini inapumua hewa kwa uzito. Dereva naye amekijua kilima. Ukirudisha eksozi ya zamani na ukakuta muda umebaki ulivyokuwa na eksozi mpya, umejua kwamba kilichobadilika hakikuwa eksozi.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hili ndilo nataka mafundi walichukue kuliko yote, kwa hiyo niruhusuni nilikalie.

Mteja anakuja na pikipiki nzito, haivuti. Fundi mwaminifu, mwenye mikono mizuri, anaifungua. Anasafisha kabureta, anapuliza jeti mpaka mwanga unapita kwenye kitundu chake chembamba. Anakagua nafasi ya valvu kwa fila geji, anakuta valvu ya eksozi imebana, anairekebisha. Anaona breki ya nyuma inakamata, anailegeza. Anaweka oili kwenye cheni, anajaza upepo. Mwisho, kwa kuwa mteja aliomba “nguvu”, anafunga plagi ya bei mbaya, au sumaku ya kubana kwenye mpira wa mafuta. Pikipiki inatoka inaruka. Nani anapewa sifa? Plagi, au sumaku. Kazi halali ya mikono ya fundi, yenye thamani ya kweli, inatolewa bure, na kipande kilichotoka dukani kinachukua heshima yote. Fundi mwenyewe anaamini hivyo, maana ameona kwa macho yake. Kesho anamfungia mwingine sumaku bila kukagua valvu, na mteja huyo anapoteza pesa. Mafundi wangu, kutopima kunawaibia ninyi kabla hakujamwibia mteja. Valvu uliyoirekebisha leo ndiyo biashara yako. Iandike kwenye daftari, ipandishe mlima kabla na baada, umwoneshe mteja sekunde alizozipata kwa ufundi wako.

Kuhusu hizo sumaku, dawa za kumimina kwenye tangi na vifaa vya “kubana matumizi”, dunia imeshazipima. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima au kutathmini zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo, na halijapata hata kimoja kinachopunguza matumizi ya mafuta kwa kiwango cha maana. Vichache vilionesha nafuu ndogo sana. Sababu inaeleweka. Injini nzima inayochoma sawasawa tayari imeunguza karibu mafuta yote yanayoingia ndani. Cheche kubwa zaidi haiwezi kuunguza mafuta ambayo hayapo.

Tuzipitie kazi nyingine za gereji, kila moja kwa haki yake.

Kutoa filta ya hewa naipinga waziwazi. Kwa injini ya farasi 10 au 12, filta safi inazuia hewa kidogo mno. Ukiitoa, mchanganyiko unabadilika, mafuta yanakuwa machache kwa hewa iliyoingia, na injini inachemka. Lakini ubaya hasa ni vumbi. Piteni kidole juu ya tangi baada ya safari moja ya kiangazi kwenye barabara za vijijini huku, mtazame kilichobaki kidoleni. Ni mchanga uliosagika, mgumu kuliko chuma cha ringi. Huo ndio unaokwenda kusugua bloku. Miezi michache baadaye moshi wa bluu unatoka, na bosi anaambiwa injini ilikuwa mbovu tangu dukani. Filta ikiziba, isafishe au ibadilishe.

Sproketi ni kazi halali, mradi tuitaje kwa haki. Ukitoa sproketi ya mbele ya meno 14 ukaweka ya 13, nyuma ikibaki 42, nguvu ya kusukuma kwenye gurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia 8, na mwendo kwa mizunguko ileile ya injini unapungua kwa asilimia 7. Injini haijapata hata farasi mmoja zaidi. Umegawa upya wale waliokuwepo. Kwa anayebeba ndizi kutoka milimani hiyo ni nafuu ya kweli na ya bei ndogo. Kwa anayekwenda Morogoro mjini na kurudi kila siku kwenye lami, ni injini kupiga kelele na kunywa mafuta bila sababu.

Bloku kubwa ndiyo kazi inayoleta nguvu za kweli. Kwenye injini za ukoo wa CG, pistoni ya 125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na inatembea milimita 49.5. Ya 150 inatembea urefu huohuo, kipenyo chake ni milimita 62. Ujazo unatoka sentimita za ujazo 124 kwenda 149, yaani asilimia 20 zaidi. Mlima utaliona hilo bila shida. Lakini joto nalo linaongezeka, klachi na krenkshafti vinabeba mzigo visioutarajia, na kabureta ya zamani inaweza isitoshe. Halafu kadi ya pikipiki imeandikwa ujazo wa injini. Siku ya ajali, kampuni ya bima ikisoma 125 na kukuta 150, mazungumzo yatakuwa marefu. Na breki zimebaki zilezile. Dereva aliyezoea kwenda 80, nguvu mpya ikimshawishi kwenda 95, anabeba nishati ya mwendo iliyozidi kwa asilimia 40, na ngoma ya breki haikuambiwa.

Kukata silinda hedi ili kuongeza kompresheni kuna faida ndogo kuliko sifa zake. Kutoka uwiano wa 9 kwenda 10, hesabu ya kinadharia inatoa nyongeza ya karibu asilimia 3 tu, na injini ikianza kugonga kwa joto la mchana ukiwa na abiria wawili, asilimia hizo zitalipwa kwa pistoni iliyotoboka.

Kuna jambo la jeti ambalo watu wa milimani wanalijua bila kuambiwa sababu yake. Kila mita 100 unazopanda, hewa inapungua kwa karibu asilimia 1. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kimhandu, kirefu kuliko vyote Uluguru, kina mita 2,630. Pikipiki iliyowekwa jeti vizuri huku chini, ikifika vijiji vya juu inapata mafuta mengi kuliko hewa, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, na dereva anadhani injini imechoka. Haijachoka. Na fundi wa juu akiiwekea jeti ndogo ikavuta vizuri, isishuke nayo hivyohivyo kwenye joto la Mikese kwa safari za kila siku, itachemka. Jeti zina namba zilizogongwa ubavuni. Ziandikeni.

Mafuta nayo tuyapime kwa uzito. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kijiwe kizima kinajadili shilingi, lakini ni wachache wanaojua pikipiki yao inakula gramu ngapi. Petroli inavimba kwa joto, karibu sehemu 1 kwa 1,000 kwa kila nyuzi moja, hivyo ya alfajiri na ya saa nane mchana hazilingani kwa lita. Ining’inizeni chupa juu ya kabureta kwa mpira, mbali na moto na sigara, ipimeni kwenye mizani ya dukani kabla ya safari na baada ya safari, njia ileile, mzigo uleule, kwenda na kurudi ili upepo usawazike. Tofauti ni gramu zilizounguzwa, na hapo ndipo mtajua eksozi ile iliyotobolewa inamgharimu nini kijana anayempelekea bosi hesabu.

Msidhani madai haya ya nguvu yamewasumbua maskini wa Afrika peke yao. Katika jimbo la Nebraska, Marekani, mkulima Wilmot Crozier alinunua trekta lililosifiwa sana, likamfia shambani. Akanunua jingine, nalo hivyohivyo. Alipoingia bungeni kwao alisaidia kupitisha sheria ya mwaka 1919: hakuna modeli ya trekta kuuzwa jimboni kabla chuo kikuu chao hakijaipima na kuilinganisha na yale mtengenezaji aliyoyaandika. Trekta la kwanza kupita, Waterloo Boy, lilipimwa mwaka 1920. Makampuni yaliyozoea kuandika farasi wasiokuwepo yakalazimika ama kurekebisha trekta ama kurekebisha tangazo. Wakulima mbali na Nebraska nao wakawa wanayatumia majibu ya vipimo hivyo. Sheria ile ilizaliwa na mnunuzi mmoja aliyekataa kunyamaza.

Ombi langu kwa walimu wa chuo cha ufundi cha VETA Kihonda na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambao wote wako Morogoro hapahapa: leteni wanafunzi wenu kwenye vilima hivi na saa na madaftari, wapime kazi za mafundi wa barabarani pamoja na mafundi wenyewe, na majibu yabandikwe gereji, yasomwe na anayelipa. Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro naomba kipande kimoja cha barabara ya udongo chenye mwinuko, kifungwe kwa magari mengine asubuhi moja kila mwezi, ili vijana wasiende kupima kwenye lami mbele ya malori. Kwa wenye pikipiki: mlipeni fundi kwa kazi ya valvu, kabureta na breki bila kumwombea punguzo, maana hiyo ndiyo nguvu ambayo mlima utaithibitisha. Na ninyi vijana wa vijiweni, fundi akiwaambia ameiongeza nguvu, mwekeni nyuma ya pikipiki na gunia lake, twendeni kilimani, ipande mara tano, airudishe kama ilivyokuwa, ipande tena mara tano. Daftari likikubali, mlipeni kwa furaha. Likikataa, aifunge filta yake mahali pake na mrudi kazini.